Vumbi Tulilokula

Jioni moja mwaka 2019 nilitoa kila kilichokuwa kwenye kabati la jikoni nikakipanga sakafuni. Mdogo wangu alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ndicho kiti kilichokuwa karibu, na magoti yake yalichomoza ndani ya suruali kama ya mtoto aliyerefuka ghafla. Alikuwa na kilo 47. Mimi nilisoma lebo kwa tochi ya simu, yeye akaandika kwenye daftari namba za viungio vya kiwandani. Krimu ya unga ya kutia kwenye chai: 551. Chumvi ya mezani: 554. Sukari laini ya kupambia keki, iliyobaki tangu kipaimara cha mtoto wa shangazi: 551. Peremende nyeupe na jojo: 171. Dawa ya meno haikuwa na namba, iliandikwa jina zima, titani dioksidi.

"Dada, kwa hiyo muda wote huu nimekuwa nakula vumbi?"

"Vumbi la mawe," nikamjibu. Na nilijibu kwa furaha, hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilidhani nimempata mwizi.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Nimesomea chakula, nalipwa kwa ajili ya chakula, na ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa anayeyuka mbele yangu nisijue nimpikie nini. Yalianza maumivu upande wa kulia, chini ya kitovu, yakaja na homa za jioni, kuhara, na uchovu wa mtu aliyebeba magunia siku nzima. Hospitali ya kwanza wakasema ni kifua kikuu cha utumbo. Siwalaumu. Kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa palepale, mahali utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na hata kwenye kamera vidonda vyake na vya ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa utumbo usioisha unaoletwa na kinga ya mwili, vinafanana. Kwetu, ukikuta kidonda pale, TB ndiyo unayoifikiria kwanza, na ni haki. Akameza dawa miezi sita, mkojo wake ukawa mwekundu kama chai ya rangi, mama akamchemshia supu ya kongoro kila Jumamosi. Mwezi wa saba akarudi pale alipoanzia. Ndipo kinyama kilichokatwa utumboni kwa mara ya pili kilipoonekana na daktari mwingine, na jina la Crohn likaingia nyumbani kwetu.

Hilo ni jina la daktari, Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake Ginzburg na Oppenheimer waliueleza ugonjwa huu mwaka 1932. Mama hakuweza kulitamka. Mpaka leo anasema "ule ugonjwa wa Mzungu."

Jambo la kwanza mgonjwa wa tumbo anauliza ni "Nile nini?" Haulizi kuhusu kinga ya mwili wala vinasaba. Na ukweli mchungu wa fani yangu ni kwamba kwa ugonjwa huu majibu yetu ya uhakika ni machache kuliko maswali. Dawa zinatuliza, lakini asubuhi mtu anakaa mezani mbele ya sahani, na sahani haina maelekezo. Kwa hiyo usiku, watoto wakishalala, nilisoma. Hivyo ndivyo nilivyofika London, kwa macho tu, kwenye kazi ya mwanamke aliyeitumia miaka ya masomo yake ya PhD kuhesabu vumbi lililomo ndani ya chakula.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye viraka vya Peyer. Johann Conrad Peyer, daktari wa Uswisi, aliviandikia mwaka 1677. Ni vijimkusanyiko vya seli za kinga vilivyolala kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, vingi zaidi kadiri unavyoelekea mwisho wake. Juu yake kuna seli za pekee, seli M, ambazo kazi yake ni kuchota vitu kutoka ndani ya utumbo na kuvipeleka kwa kinga ikavikague. Ni kama askari wa getini anayefungua kila mfuko. Vidonda vya mwanzo kabisa vya Crohn, vile vidogo kama ncha ya kalamu, mara nyingi hutokea juu ya viraka hivyo.

Wapima vinyama vilivyokatwa utumboni walikuwa wameona kitu cha ajabu hapo chini ya viraka: madoa meusi, kama masizi, ndani ya seli zinazomeza takataka, makrofaji. Watu wazima wanayo, watoto wachanga hawana. Mwaka 1996 Jonathan Powell na wenzake wakaeleza ni nini hasa. Yalikuwa madini. Aina tatu: titani dioksidi, ile rangi nyeupe ya viwandani ambayo kwenye chakula huitwa E171, aluminosilikati, yaani jamii ya udongo wa mfinyanzi, na silikati nyingine za kwenye mazingira, mavumbi ya kawaida. Chembe za titani zilikuwa na ukubwa wa nanomita 100 hadi 200. Ukichukua unywele mmoja, unaweza kupanga chembe mia kadhaa kwa upana wake.

Nilipoisoma hiyo sehemu ya masizi niliinuka nikazunguka sebuleni. Yaani kila peremende, kila kidonge cheupe, kila dawa ya meno iliyomezwa kwa bahati mbaya utotoni, imeacha alama, na alama hiyo imekaa pale pale ugonjwa unapoanzia. Nani asingeamini?

Miranda Lomer alikuwa mtaalamu wa lishe kama mimi, kwenye Hospitali ya St Thomas', ng'ambo ya mto Thames ukitokea Bunge la Uingereza. Akiwa na Powell na daktari Richard Thompson, akalichukua swali hili akalifanya kazi. Na nataka msomaji aelewe kazi hiyo ni ya namna gani, kwa sababu watu husikia "PhD" wakadhani ni kofia. Kwanza, hakukuwa na jedwali la chakula duniani lililosema mkate huu una titani kiasi gani. Ilibidi vyakula vipimwe kimoja kimoja. Na titani dioksidi haiyeyuki kwa kubembelezwa. Inataka asidi kali ya salfa, tena ya moto, ndipo mashine iweze kuihesabu. Fikiria mtu anachemsha jojo kwenye asidi, kisha krimu ya chai, kisha vidonge, mwaka unaingia mwaka unatoka. Baadaye wakapata makadirio, yaliyochapishwa mwaka 2004: Mwingereza wa kawaida anakula kama miligramu 2.5 za titani dioksidi kwa siku na miligramu 35 za chembe za silikati. Kwa uzito ni kitu kidogo kuliko punje chache za mchele. Kwa idadi ni chembe zaidi ya trilioni moja, kila siku.

Kwa nini chembe isiyo na sumu imdhuru mtu? Wazo lao lilikuwa la ustadi, na mimi bado nalipenda. Chembe peke yake imelala. Lakini ndani ya utumbo ina uso unaonata. Kalisi, yaani kalsiamu, huushika uso huo, na kwenye kalisi hunasa vipande vya ngozi ya bakteria, vile vinavyoamsha homa. Sasa makrofaji halimezi tena jiwe. Linameza jiwe lililopakwa bakteria, na linapiga kengele kana kwamba adui amevamia. Kwenye maabara ilionekana hivyo: titani pekee, kimya, bakteria pekee, kelele kidogo, vyote pamoja, kelele kubwa.

Kisha jaribio la kwanza kwa wagonjwa, lililochapishwa mwaka 2001. Wagonjwa 20 wenye Crohn inayowaka. Nusu walipewa lishe yenye chembe chache, nusu nyingine lishe yenye chembe za kawaida, kwa miezi minne, bila mgonjwa wala anayempima kujua nani yuko wapi. Ugonjwa ulipimwa kwa alama inayotokana na daftari la siku 7: umekwenda chooni mara ngapi, tumbo limeuma kiasi gani, umejisikiaje. Chini ya 150, ugonjwa umelala. Kundi la chembe chache lilishuka kutoka 392 hadi 145. Kundi lingine lilianza 302 likabaki 295. Saba walipata nafuu kamili upande mmoja. Upande wa pili, hakuna hata mmoja.

Nilichapa ukurasa huo kazini nikaenda nao nyumbani.

Basi ndiyo ile jioni ya kabati. Chote chenye namba kilitolewa nje. Nikamnunulia chumvi ya mawe. Mchicha nikauosha maji matatu, halafu ya nne, nikipapasa chini ya beseni kwa ncha za vidole kutafuta mchanga. Nikaacha kumpikia dagaa kwa sababu ya mchanga wa mwaloni. Dawa ya meno ikawa chumvi na mswaki wa mti. Kwenye harusi ya binamu yetu alikaa na chupa ya maji na chakula alichobeba kwenye hotipoti, na mama mmoja akamwambia kwa sauti, "Mwanangu, pilau letu limekukosea nini?" Akatabasamu tu. Alikuwa ananiamini.

Na alipona! Daftari hili hapa mbele yangu. Wiki ya kwanza, chooni mara 9 kwa siku. Wiki ya tatu, mara 5. Wiki ya sita, mara 2, na pembeni ameandika kwa mkono wake "leo nimecheza mpira dakika kumi." Nililia juu ya ukurasa huo. Kilo zikafika 53.

Wiki ya kumi na moja damu ikarudi.

Hakuwa ameiba chakula. Nilimuuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu akanyamaza akageukia ukutani, na hilo ndilo ninaloliombea msamaha mpaka leo. Nikaanza kutafuta chembe zilizopenya. Labda maji. Labda vumbi la barabara yetu, ambayo haina lami. Labda unga wa kusagia mashineni, si unapita kwenye mawe? Nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna kitu ambacho kingeweza kunionyesha kwamba nimekosea, kwa sababu vumbi liko kila mahali.

Mwishowe nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nikafungua makala nyingine ya kikundi kile kile cha London. Na hapa lazima niseme ukweli: nilikuwa nimeiona. Ilikuwa kwenye orodha siku ile ile nilipopata ile ya 2001. Kichwa chake kilisema waziwazi kwamba lishe hii haikuleta manufaa, nami nikaipita. Mtu mwenye njaa hasomi bango linalosema duka limefungwa.

Ilichapishwa mwaka 2005. Safari hii wagonjwa 83, kwenye vituo kadhaa. Waligawanywa makundi manne, ili chembe na kalisi vipimwe kila kimoja peke yake na kwa pamoja, wiki 16. Wote walipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, mwanzoni, dozi ikipunguzwa taratibu. Matokeo: walioacha chembe na wasioacha, sawa. Kalisi, sawa. Lishe haikuongeza kitu chochote juu ya kile ambacho dawa ilikuwa imeshafanya.

Prednisoloni. Nilishuka na daftari la mdogo wangu hadi kurasa za mwanzo. Alianza prednisoloni wiki ile ile tulipomwaga kabati. Dozi ya mwisho aliimeza wiki ya tisa. Nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, na sikuwahi kuiona. Mchicha wa maji manne ulikuwa umepewa sifa za kidonge. Nikarudi kwenye ile ya 2001 nikaona na jingine ambalo macho yangu yalilikwepa: kundi lililopata nafuu lilianza na 392, wenzao 302. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na aliye juu kabisa ndiye mwenye nafasi kubwa ya kushuka. Kwa watu 20, jambo kama hilo linaweza kubeba kila kitu.

Tangu siku hiyo nimemheshimu Lomer kwa namna ambayo sikumheshimu nilipodhani amenipa dawa. Hebu jiweke mahali pake. Una matokeo mazuri mkononi, 392 hadi 145. Umeyachemsha hayo majojo kwenye asidi miaka yote hiyo. Jina lako ndilo la kwanza kwenye makala. Ungeweza kuandika kitabu cha mapishi na kuzunguka nacho. Yeye na wenzake wakajenga jaribio kubwa zaidi, lenye uwezo wa kuliua wazo lao, likaliua, na wakalichapisha kwa kichwa kisichoficha. Kwenye simu yangu kila wiki naletewa ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu asiyejulikana: acha chumvi ya pakiti, acha maziwa, acha ngano, utumbo utapona. Sijawahi kuletewa wa pili wa mtu yule yule akisema nimejaribu tena kwa watu wengi na haikuwa kweli.

Lakini chembe zenyewe hazikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo inayonifurahisha zaidi kama mwanafunzi wa utumbo. Powell alihamia Cambridge akaendelea kuchimba. Mwaka 2015 kikundi chake kikaonyesha kwamba mwili wenyewe hutengeneza chembe za madini. Utumbo hutoa kalisi na fosfeti, na kuelekea mwisho wa utumbo mwembamba hivyo viwili huungana kuwa vipunje vya nanomita, vikiwa na magnesi kidogo ndani yake. Vipunje hivyo hunasa vipande vya chakula na vya bakteria, hupita kwenye seli M, na hukabidhiwa kwa kinga. Na ujumbe wanaoubeba ni kinyume na kengele. Seli zinazovipokea huwa na protini ya breki, PD-L1, inayosema: hawa ni wenyeji, watulizeni. Mwaka uliofuata wakaripoti kwamba kwa wagonjwa wa Crohn seli hizo hizo hazina breki hiyo. Kwa hiyo lile geti lilijengwa kwa ajili ya vumbi letu wenyewe, la amani. Chembe za kiwandani, zenye ukubwa unaokaribiana, zinapita njia iliyochongwa kwa ajili ya wengine. Wazo la kwanza lilikufa, ila shimo walilolichimba kulitafuta ndilo lililowafikisha kwenye maji.

Titani nayo ina kesi yake. Mwaka 2017 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba panya waliosababishiwa uvimbe wa utumbo mpana walizidiwa walipolishwa titani dioksidi, na kwamba wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda, ndugu wa Crohn anayekaa utumbo mpana, wakati ugonjwa umewaka walikuwa na titani nyingi zaidi kwenye damu. Ufaransa iliiondoa E171 kwenye vyakula kuanzia Januari 2020. Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haiwezi tena kuiita salama, kwa sababu haikuweza kuondoa shaka kwamba inaweza kudhuru vinasaba. Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022, kipindi cha mpito kikaisha Agosti. Uingereza, kule wazo lilikozaliwa, bado wanairuhusu, na Marekani pia, mradi isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula. Mimi naunga mkono kuiondoa. Ni rangi tu, haimlishi mtu. Ila nikiulizwa kliniki kama kuiacha kutamponya mtu Crohn, najibu hapana, na najibu haraka.

Kuna wanaonijibu: kama vumbi ni baya, wajawazito wetu mbona wanakula udongo? Ni swali la haki. Kila wiki anakuja mama mwenye kipande cha udongo wa pemba kwenye pochi, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari, anakimega kama biskuti. Kaolini ni aluminosilikati. Ikisafishwa kiwandani ilipewa namba yake, E559. Ukienda vilima vya Pugu, njia ya Kisarawe, kuna kaolini ya kutosha, nyeupe, laini kama poda ya mtoto. Nilimpeleka mdogo wangu huko mwaka jana. Aliichukua kidogo akaisugua katikati ya vidole, akanusa, akasema, "Inanukia mvua." Mama mjamzito anayekula udongo simwambii atapata Crohn, kwa sababu sina msingi wa kusema hivyo. Namwambia udongo unaweza kunasa madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayachukua, na unaweza kuja na minyoo, kisha namtuma akapime damu. Wengi huwa nayo kidogo. Hapo tunazungumza dagaa, maini, mchicha.

Mchicha naosha maji mawili siku hizi.

Mdogo wangu sasa ana kilo 61. Anatumia azathioprini, dawa ya kupunguza makali ya kinga, anapima damu yake kila alipoambiwa apime, na pilau anakula, ila nyuzinyuzi nyingi anaziacha ugonjwa unapoamka, maana mwisho wa utumbo wake umekuwa mwembamba kwa makovu. Mwezi uliopita alifungua boksi jipya la dawa, akakunjua ile karatasi ndefu ya maelezo, akaisoma mpaka chini kabisa ambako huandikwa vitu vya kutengenezea ganda la kidonge. Akanyoosha kidole.

"Dada. Titani dioksidi hii hapa."

"Ndiyo, imo."

Akaniangalia. Nikammiminia maji kwenye bilauri, akameza.